Hakuna cha Kukata

Ijumaa, 31 Januari

Hamsini na nne. Filimbi hamsini na nne, mimi hamsini na nne. Sawasawa kabisa!

Mwalimu wa hesabu alisoma alama kama kila Ijumaa, jozi baada ya jozi. Utaratibu wake haubadiliki. Anasoma alama za wote wawili kwa sauti, halafu anaikata ile kubwa kwa kalamu nyekundu, mbele ya darasa, na wote wawili wanabaki na ile ndogo. Anasema hivyo ndivyo mwenye nguvu atakavyojifunza kumvuta mwenzake. Labda. Ninachokiona mimi ni kwamba kila Ijumaa kuna mtu analia chooni.

Alipofika kwetu aliinua kalamu, akaishusha. "Hapa hakuna cha kukata," alisema. Filimbi akapiga mluzi kupitia lile pengo la meno yake ya mbele — ndilo lililompa jina — na darasa zima likacheka, hata mwalimu. Akanipiga bega. "Umeona, Nukta? Tumefunga bao!"

Nukta ni mimi. Ni kwa sababu ya kimo. Nina miaka kumi na mmoja, wenzangu wana kumi na mitatu, kumi na minne. Nilirushwa darasa mwezi wa tisa.

Sasa nitaandika kitu ambacho sijawahi kukiandika. Daftari hili linakaa chini ya godoro na halina msomaji. Nilijua majibu yote.

Namna ninavyofanya ni hivi. Kwanza naijibu karatasi nzima kichwani. Halafu naipitia tena kwa macho ya Filimbi. Hili atalipata. Hili atalipata lakini atachelewa. Hili la magari mawili yanayokutana njiani litamshinda. Hapa atasahau alama ya kutoa. Najumlisha. Kisha naharibu majibu yangu — si kwenye maswali yale yale, kwenye mengine, isije ikaonekana — mpaka tulingane. Mwanzoni nilikuwa nakosea kwa alama tano, sita. Siku hizi napatia. Nadhani ndiyo maana ya kumjua mtu vizuri.


Jumamosi, 1 Februari

Mama amerudi kutoka kazini, miguu imevimba. Ni mkunga. Alikaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto na karatasi yangu mkononi.

"Hamsini na nne," alisema. "Mwaka jana ulikuwa unalia ukipata tisini na nane."

Nikasema darasa ni gumu. Kaka akasema betri imekwisha, tumpeleke akachajiwe. Mama hakucheka. Alisema mwalimu mkuu alimwahidi kwamba alama zangu zikiwa nzuri nitarushwa tena mwezi wa nne. Alilisema hilo kwa sauti ile anayoitumia akiwa ameficha zawadi nyuma ya mgongo. Tena! Nikakae na watu wenye ndevu!

Sikumweleza habari ya Mlingoti. Sijamweleza mtu.

Nilipoingia darasa hili niliwekwa jozi na msichana mrefu kuliko wote, ndiyo maana wanamwita Mlingoti. Ijumaa ya kwanza yeye alipata thelathini na nane, mimi mia. Kalamu nyekundu ikapita kwenye mia yangu. Mimi sikuumia hata kidogo. Lakini darasa lilipiga kelele: "Unamshusha mtoto! Mteremshe pole pole!" Ijumaa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne Mlingoti alibeba kiti chake akasema afadhali akae na ukuta, ukuta haupati mia.

Baada ya hapo hakuna aliyenitaka. Nilikuwa jozi ya mtu mmoja kwa Ijumaa saba. Mwalimu anasoma: mia. Hakuna cha kukata. Hakuna anayegeuka kunitazama. Sijui kama kuna namba ya upweke kuliko mia!

Halafu siku moja Filimbi alitoka kule dirishani na kiti chake kichwani, miguu ya kiti juu kama pembe. "Sogea, mtoto," alisema. "Kule jua linaniunguza. Halafu wewe unanukia sabuni."

Alipata thelathini na tatu wiki ile. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilipata thelathini na tisa.


Jumapili, 2 Februari

Nimeshinda saluni. Mama yake Filimbi ni msusi. Ana chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu na mashine moja ya kukaushia nywele inayonguruma kama lori likipanda mlima. Nilipoingia tu nikaiona. Karatasi ya Filimbi, ile ya hamsini na nne, imebandikwa katikati ya kioo, mahali ambapo kila mteja lazima aisome hata kama hataki.

"Karibu mwanangu!" mama yake aliniambia, vidole havijaacha kichwa cha mteja. "Umekiona cheti chetu?"

"Mama, si cheti. Ni jaribio tu," Filimbi alisema.

"Wewe nyamaza. Mwaka jana ulikuwa unaniletea nini? Visingizio!"

Mteja akacheka. Filimbi naye akacheka, lakini aliinama kuokota kitana ambacho hakikuwa kimeanguka. Mwaka jana alifeli akarudia darasa. Shule nzima inajua.

Baadaye alinionyesha anavyofanya sehemu. Anagawa kichwa! Nusu kwa mstari wa katikati, robo, thumuni. "Thumuni mbili za huku na robo ya kule, si nusu ya kichwa hiyo? Sasa mteja ataondokaje na nusu?" Mimi nilifundishwa sehemu kwa vipande vya karatasi. Sikuwahi kufikiria kichwa cha mtu. Nikamwambia njia yake ni nzuri kuliko ya kitabu. Alinikazia macho kuona kama namtania. Sikuwa namtania.

Mluzi huo! Kila hesabu ikimtii anapiga mluzi mfupi, bila kujijua. Nimeuhesabu leo mara kumi na moja.


Jumatano, 5 Februari

Baada ya shule nilikwenda kwa Baba. Karakana yake iko nyuma ya duka la miwani: gurudumu la kusagia vioo, maji yanayodondoka juu yake, vumbi jeupe kwenye nyusi za Baba. Mbele kuna lile bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini. Kazi yangu ni kufuta vioo vya kupimia na kuvirudisha kwenye sanduku kwa mpangilio wake.

Alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka tisa hivi. Binti haoni ubaoni, kichwa kinamgonga, anataka miwani. Baba akamvika fremu ya kupimia. Herufi ya juu kabisa, kubwa kama sahani — haioni. Ya pili — haioni. Baba akachomeka vioo viwili. "Na sasa?" Akalisoma bango lote mpaka chini, mpaka jina la mchapishaji! Mama yake nusura apige vigelegele.

Vile vioo vilikuwa vitupu. Vya dirisha tu. Mimi ndiye niliyevifuta.

Baba hakumwaibisha. Alisema macho ni mazima, yanataka kupumzika, basi. Walipoondoka nikamuuliza alijuaje.

"Asiyeona anabahatisha, mama," alisema. (Baba ananiita mama tangu nizaliwe.) "Anataja hii, anasema hapana, labda ile, anakasirika. Anayejifanya habahatishi. Anachagua. Humkuti na kosa hata moja la bahati mbaya."

Nilidondosha kioo. Hakikuvunjika. Baba alinitazama juu ya miwani yake, muda mrefu kuliko kioo kilivyostahili.

Makosa yangu yote nimeyachagua.


Ijumaa, 7 Februari

Sitini na moja. Sitini na moja.

Safari hii hakucheka mtu. Mlingoti alisema kwa nyuma, "Mapacha hao. Mmoja anafikiri, mwingine anaandika." Filimbi akageuka kumjibu, akajizuia. Mwalimu hakusema hakuna cha kukata. Hakuturudishia karatasi zetu. Alizikunja pamoja akazitia mfuko wa shati, nyuma ya kalamu nyekundu.

Filimbi hakuona hilo. Njia nzima alikuwa anaruka madimbwi. "Sitini na moja, Nukta! Mimi! Unajua mama atafanya nini? Atanunua kioo kingine!"

Nilicheka. Nilikuwa nimefurahi kweli. Na nilikuwa nimeogopa kweli. Vyote viwili vilikaa mahali pamoja, chini ya mbavu.


Jumatatu, 10 Februari

Mwalimu alipita katikati ya safu akasimama nyuma yetu. Alikaa pale. Nilisikia harufu ya chaki. Filimbi alikuwa anafanya zoezi, ulimi nje, hana habari.

Nimejaribu kubahatisha nyumbani. Siwezi! Nikiliangalia swali, jibu limeshakaa pale kama mgeni sebuleni. Nitajifanyaje sijamwona?

Nimepata njia. Ijumaa nitafumba macho na kuchoma penseli kwenye karatasi. Swali litakalochomwa ndilo nitakalokosa. Hilo litakuwa kosa la bahati mbaya. Hata Baba asingelitambua.


Ijumaa, 14 Februari

Sijui nianzie wapi.

Penseli ilichoma swali la saba. Nikaliharibu. Mengine nikayapanga kama kawaida. Sitini na sita, sitini na sita. Lakini alama hazikusomwa darasani. Saa ya mwisho tuliitwa ofisini kwa Makamu wa mwalimu mkuu. Ni mama mpole wa sauti, ndiyo maana watu wanamwogopa. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama dirishani. Mezani zilipangwa karatasi zetu za leo na za wiki iliyopita, mbili mbili, kama viatu msikitini, na daftari la alama limefunguliwa kando yake.

"Nani anamwangalia mwenzake?" Makamu aliuliza.

Filimbi alidhani ni utani. "Hakuna, Mwalimu. Tunakosa tofauti. Tazama."

"Nimetazama. Mnakosa tofauti, mnapata sawa. Wiki tano." Akageuza karatasi yangu ya leo kwa ncha ya kidole. "Swali la tisa halifanyiki bila jibu la saba. Huyu mdogo la saba kakosa. La tisa kapata. Kapataje?"

Ilikuwa kama kushuka ngazi na kukuta ngazi moja haipo. Sikuliwaza hilo! Mimi! Nilifumba macho ili niwe kama watu wengine, na ncha ya penseli ikaangukia pale pale pa kunifichua.

Makamu akajijibu mwenyewe. Mtoto anayajua yote. Anaharibu yake kusudi. Kwa nini mtu aharibu jibu lake? Ili ifichike kwamba amempa mwenzake majibu. Wamegawana makosa ili wasishikwe. Halafu akamgeukia Filimbi, bado kwa upole: "Binti yangu, mtu hatoki thelathini na tatu akafika sitini na sita kwa miezi mitatu."

"Mimi nimetoka," Filimbi alisema.

Sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo namna ile.

Jumatatu tutarudia jaribio, kila mmoja chumba chake. Filimbi akishindwa kufika pale alipofika, alama zake zote za muhula zitafutwa, atarudishwa darasa la nyuma na mama yake ataitwa. Mwalimu wa hesabu aligeuka akatazama nje. Mimi nilikuwa na maneno yote. Yalikuwa yamepangana vizuri, sentensi kamili, kiima na kiarifu. Sikusema hata moja. Niliona kwamba nikisema "ni mimi", Filimbi atasikia yaliyobaki: kwamba nilijishusha ili nilingane naye.

Nje, kwenye korido, alinishika mkono wa sare.

"Wewe ndiye mtu pekee anayejua sikuangalia. Mbona hukusema?"

Nikasema niliogopa. Ni kweli. Lakini si kweli yote. Akaniachia. Alikwenda zake bila mluzi.


Jumamosi, 15 Februari

Nimetoka saluni sasa hivi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu kwa sababu sitaki Mama anione uso.

Bado kulikuwa na karatasi kwenye kioo, sasa ile ya sitini na moja; jana tulipotoka ofisini tulirudishiwa karatasi zetu zote. Mama yake hajaambiwa. Alinipokea kwa shangwe, akanipa kiti, akaniambia mimi ni baraka kwa nyumba yake. Nilitamani ile mashine ingurume zaidi.

Filimbi alikuwa kwenye kona na daftari. "Nipe karatasi yako ya jana," alisema. Sikuwa na jinsi, nikampa. Akalisoma la saba. Akalisoma la tisa. Akarudi kwenye la saba. Watu wanasahau kitu kimoja kuhusu Filimbi: ni mwepesi. Alichokosa ni mtu wa kumpa muda tu.

"Hili uliliharibu kusudi."

Ndiyo.

"Makamu alisema ni ili kuficha. Lakini hukunipa jibu. Kwa hiyo hukuwa unaficha hilo." Mkono wake ulikuwa juu ya karatasi, umetulia kabisa. "Na wiki iliyopita?"

Ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoleta kiti."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Mteja chini ya mashine alikuwa anageuza gazeti, mama yake anaimba.

"Sasa sitini na sita ni yangu au ni yako?"

Nikamwambia ni yake! Zote ni zake! Zangu ndizo za uongo, zake hazina hata alama moja ya uongo, naapa. Nilidhani hilo litamtuliza. Uso ukalegea kidogo. Halafu ukarudi, mgumu kuliko mwanzo.

"Ulijuaje nitapata ngapi?"

"Nukta. Ili ulingane na mimi lazima ujue nitakosa yapi. Kabla sijayakosa."

Niliitazama mashine ya kukaushia nywele.

"Ulijua ya magari yananishinda. Kila wiki ulijua. Ulikaa hapa kwenye hiki kiti, ukala na sisi, ukajua, hukuniambia." Alilifunga daftari. "Ungeniambia ningelipata!"

Nilitaka kusema sikutaka ajione mdogo. Maneno yakafika mdomoni nikayasikia yalivyo, nikayameza. Mimi ndiye niliyemwona mdogo. Wenzake walimcheka akiwa nyuma, mimi nikamwekea alama pale pale alipo na kuiita urafiki.

Alisimama akabandua karatasi kwenye kioo. Utepe ulitoa sauti mbaya.

"Hee! Unakitoa kwa nini cheti changu?" mama yake aliuliza.

"Nitakileta kingine, mama."

Hakunitazama tena. Nikaaga. Mama yake akasema, "Kesho usichelewe, mwanangu!"


Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia Baba. Duka lilikuwa limefungwa, alikuwa anasaga kioo cha mtu anayesafiri kesho. Nilisema nikiwa nyuma yake, nikaona ni rahisi zaidi. Yote: mia, Mlingoti, kiti, penseli. Alizima gurudumu. Lilichukua muda kusimama.

"Yule binti wa Jumatano alidanganya apate miwani," alisema. "Pale hakuna aliyeumia. Hili lako lina mtu wa pili."

"Najua."

"Basi kesho unasema, kabla hawajampa karatasi."

Nikasema nikisema watanirusha darasa. Nikasema Filimbi hatanisamehe. Nikasema nitakuwa jozi ya mtu mmoja mpaka nizeeke. Nililia kama mtoto — na mtoto ndiye mimi, Kaka aliniambia baadaye, na akanipa leso yake, ambayo si safi.

"La kurushwa nitalizungumza na mama yako," Baba alisema. "Kwanza la mwenzako."

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. "Kwa hiyo ulikuwa unajua yote? Kila wiki?" Uso wake ulifurahi! Nusu sekunde tu. Halafu akaniona, akaona aibu kwa kufurahi, akakaa kitako kwenye sanduku la vioo akanivuta nikae karibu yake. Hakusema kuhusu mwezi wa nne. Aliuliza, "Na wewe una mtu wa kucheza naye, au nilidhani tu?"

Nimefundishwa majibu mengi; hilo halimo.

Mchana nilifanya ambacho nilipaswa kukifanya tangu mwezi wa kumi na moja. Niliandika kurasa nne, kila mahali panapomshinda Filimbi, na kwa nini. Ya magari nilitumia wasusi wawili wanaoanza kusuka kichwa kimoja, mmoja kutoka mbele, mmoja kutoka nyuma, mmoja mwepesi, mmoja mzito: watakutana wapi? Alama ya kutoa niliipaka rangi kila mahali. Nikazisokomeza chini ya mlango wa saluni, nikakimbia.

Sijui kama alizisoma. Huenda mteja amezikanyaga.


Jumatatu, 17 Februari

Niko kwenye benchi la korido, nje ya stoo ya vitabu. Mikono ina wino. Naandika nyuma ya daftari la jiografia, nitahamishia nyumbani.

Asubuhi tuliambiwa kila mmoja aje na kiti chake, kwa sababu stoo na maabara hazina viti. Nilifika ofisini mapema, nikasema. Makamu alisikiliza bila kupepesa. "Tutaona kwenye karatasi," alisema. Lakini mwalimu wa hesabu aliketi. Aliniuliza nilikuwa nazijuaje alama za Filimbi, nikamweleza: nayasoma maswali kwa macho yake, najumlisha. Aliitoa kalamu nyekundu mfukoni akaitazama kama iliyomvujia.

"Kila Ijumaa ulikuwa unafanya hivyo? Kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi nilidhani ninyi ndio jozi iliyoelewa."

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona Filimbi mlangoni, kiti kichwani. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa amesuka upya, mistari minane iliyonyooka. Mwalimu akamwambia akitaka anaweza asifanye, kwake yeye mwalimu suala hilo limekwisha. Makamu akakohoa.

"Nitafanya," Filimbi alisema. "Mama anasubiri cheti."

Mimi maabara, yeye stoo. Nilijibu yote. Ilinichukua dakika ishirini na tano. Sikuwa nimefanya hivyo tangu mwaka jana, na nitakuwa mkweli hapa: ilikuwa tamu. Nilikuwa nimesahau. Kama kunyoosha miguu baada ya kukaa chini ya meza siku nzima. Swali la kumi na mbili lilikuwa la magari mawili yanayokutana. Mkono wangu ulitaka kukokotoa angelipata au asingelipata. Nikauzuia. Sijakokotoa. Sijui atapata ngapi. Ni mara ya kwanza sijui!

Makamu amesahihisha yangu mbele yangu. Mia. Aliandika bila kusema kitu, akapiga simu kwa mwalimu mkuu. Nilisikia "mwezi wa nne". Nilisikia pia mwalimu wa hesabu akisema taratibu, "Kwanza aulizwe mtoto." Sijui nani atashinda.

Sasa niko hapa. Imebaki dakika kumi. Nilipokuja kukaa nilisema sitasikiliza, na nimesikiliza kila kitu. Karatasi ikigeuzwa. Kiti kikilia. Kimya kirefu. Kimya kirefu sana — hilo lazima ni la kumi na mbili — hapana, sijui, huenda ni lingine.

Mlingoti amepita kwenda msalani. Alisimama. "Kumbe ulikuwa unajishusha mwenyewe?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Akafikiri. "Kwangu hukujishusha," akasema, na sikujua kama ananilaumu au ananishukuru. Akaenda. Kule nyuma, karibu naye, kuna nafasi moja wazi. Dirishani kuna nyingine. Na kuna ile iliyo kando yangu, safu ya pili.

Mluzi!

Nimeusikia. Mfupi, mmoja, ndani ya stoo. Mwalimu wa hesabu, aliyeingia kumsimamia, amesema "Shh!"

Dakika nne.

Mlango umefunguka. Mwalimu wa hesabu ametoka na karatasi ya Filimbi, anatembea huku anaisoma, kalamu nyekundu bado iko mfukoni. Hakunitazama. Filimbi yuko nyuma yake. Ameinamisha kichwa, anakipandisha kiti. Amesimama. Ameniona naandika.

"Ulisema watakutana wapi, wale wasusi?" ameuliza.

Nimesema inategemea mmoja ana kasi gani kuliko mwenzake.

Amekirekebisha kiti kichwani, ameingia darasani mbele yangu. Nimeinuka, nakusanya vitu vyangu, kiti changu ni kizito leo. Siwezi kuona kutoka hapa. Nasikia hatua zake tu kwenye sakafu, safu ya kwanza, safu ya pili — sasa amesimama, na miguu ya kiti inagusa chini.